Sidii ya Pili Iko kwa Kinyanjui

Wacha nianze kwa kusema kwamba mume wangu Wamalwa ni mtu mzuri. Halewi, hapigi mtu, na kanisani huimba sauti ya chini kwa bidii hata pale wimbo hauihitaji. Nayasema haya mapema kwa sababu nikishaingia kwenye habari za VCD utadhani namchukia.

Kabla hatujaoana alikuwa na kibanda cha kuonyesha video hapa Kaloleni, Nairobi, cha mabati, viti vya mbao visivyo na mgongo, na ukitaka kuingia unamlipa yeye mlangoni. Mtaa mzima ulimjua. Baadaye watu wakanunua deki zao, kisha deki nazo zikapitwa na wakati, kila kitu kikahamia kwenye simu, na kibanda kikawa cha kuuzia makaa. Wamalwa akajifunza kutengeneza feni na redio, lakini moyo wake haukuhama. Chini ya kitanda chetu mna katoni za VCD hadi viatu vyangu vinalala jikoni. Na usije ukaziita DVD. Atakusahihisha mpaka ugali upoe.

Kwa asiyezijua, VCD ndizo zile sidii za picha zilizotangulia. Picha yake ina ukungu kidogo, na haienei kwenye sidii moja. Inakatika katikati, aghalabu mtu akiwa ameelekezewa bunduki, unatoa ya kwanza unaweka ya pili. Mimi na wewe tungeiita hiyo kasoro. Wamalwa anaiita baraka. "Mama Sally," huniambia, "picha ikikatika watu wanainuka, wanachemsha chai, wanabishana ni nani atakufa. Picha isiyokatika inakusahaulisha aliyeketi kando yako." Hapo ana ukweli kidogo, ingawa sijawahi kumwambia, maana angeongeza katoni nyingine.

Mwaka juzi akaanzisha chama. Kwetu hata watu watatu wakipenda uji wa aina moja watatafuta mwenyekiti. Hiki kikaitwa Chama cha Kufufua VCD. Mwenyekiti yeye, mweka hazina rafiki yake Kinyanjui, seremala wa Gikomba, na wanachama ni wazee wawili wa enzi za kibanda pamoja nami, niliyeandikishwa bila kuulizwa. Walikutana sebuleni kwangu Jumapili baada ya ibada. Kazi yao kubwa ilikuwa kusugua sidii zilizokwaruzika kwa dawa ya meno, polepole, kutoka katikati kwenda nje, mpaka Sally wangu akawa anapiga mswaki kwa chumvi.

Sasa, vyama vingi vya huku vyenye sanduku la pesa huwa na kufuli kadhaa, na kila ufunguo unakaa kwa mtu wake, ili asiwepo wa kufungua peke yake. Hawa hawakuwa na pesa za kufungia, basi wakafungia picha. Kila VCD iliyoingia chamani, sidii ya kwanza iliwekwa na mwenyekiti na ya pili ikawekwa na mweka hazina. Ukitaka kujua mwisho wa picha, lazima wote wawili wawepo. Nilisema huo ni ujinga. Ikapigwa kura, nikashindwa.

Ndipo akaja Mama Filsan. Jina lake Amino, ana duka la vitambaa, na kitambaa cha mapazia yote ninayoshona nakitoa kwake. Tumejuana miaka na miaka, tukigombana juu ya bei na kupelekeana chakula sikukuu zikifika. Alikuja na VCD ya harusi yake mwenyewe, sidii mbili kwenye mfuko wa nailoni. Wapiga video wa zamani walikuwa hawana haraka, unaweza kuletewa harusi yako mtoto akiwa anatambaa. Yake ililetwa wakati baba yake ameshafariki. Aliweka sidii ya kwanza, akamwona mzee anaingia mlangoni na kofia yake, akazima. Ya pili, ambayo ndani yake mzee anasimama kuwaombea dua maharusi, hakuwahi kuigusa.

"Sasa Filsan anaolewa," aliniambia. "Juzi ameniuliza, Mama, babu alikuwa na sauti gani? Alikuwa tumboni mzee alipokufa. Nikataka kumwigizia. Asenath, nikafungua mdomo, nikakuta nimesahau. Sauti ya baba yangu."

Hapo alilia, na mimi nikalia, na Wamalwa akaenda kusimama nje akijifanya anatazama mvua ambayo haikuwepo. Filsan alikuwa ameshazungusha sidii hizo kwa mafundi hadi sokoni Muthurwa. Wengine walimwambia zimekufa, wengine hawakuwa na mashine ya kuzitia. Chama kikazipokea kwa heshima kubwa. Zikasuguliwa zikang'aa. Halafu, kwa mujibu wa sheria yao tukufu, ya kwanza ikabaki kwetu na ya pili ikaenda kwa Kinyanjui.

Juma lililofuata wakagombana.

Wamalwa alikuwa amekwenda kwa Kinyanjui kuazima bisibisi, bila kupiga simu. Akamkuta ameketi mbele ya televisheni mpya, bapa, pana kama mlango, anatazama picha ileile ambayo chama kilikuwa kimepanga kuitazama Jumapili. Anaitazama moja kwa moja, mwanzo mpaka mwisho, kutoka kwenye intaneti, na miguu ameweka juu ya stuli. Mume wangu alirudi nyumbani amekunja uso kama aliyetoka matangani.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema.

"Bisibisi umepata?"

"Mama Sally, ametazama mpaka mwisho. Peke yake."

Mkutano ulioitishwa ulikuwa wa maneno mazito. Kinyanjui alisema televisheni ameletewa na mwanawe Munene, na hawezi kumkataza mtoto kumheshimu baba. Wamalwa akasema msaliti hana mwana. Kinyanjui akasema mwenyekiti hana adabu. Chama kikavunjwa palepale na mali ikagawanywa: Wamalwa akabaki na deki, Kinyanjui akachukua nyaya za kuiunganisha kwenye televisheni, zile za rangi, kwa sababu alizinunua yeye. Yaani mmoja ana sanduku lisilosema na mwenzake ana kamba za kuanikia nguo. Na sidii ya pili ya Mama Filsan ikabaki kwa Kinyanjui.

Siku zikasonga. Mama Filsan akapiga simu kwamba nikahi ni Ijumaa, na Alhamisi alasiri wanawake wa ukoo watakusanyika kwake Majengo, angependa dua isikike siku hiyo. Nikamwambia Wamalwa akamwombe Kinyanjui. Akasema afadhali ale deki. Nikamwambia nyaya nyingine zinauzwa. Akasema nyaya si tatizo, tatizo ni sidii, na kwa yule mtu haendi.

Nilikasirika, nasema kweli. Nilijifunga leso nikateremka Gikomba mwenyewe. Nilimkuta Kinyanjui anapiga randa mbao, vumbi limemjaa nyusi.

"Mama Sally, karibu," akasema. "Kama ametuma msamaha, nausikiliza. Lakini uwe wa mbele ya mkutano."

"Baba Munene, mkutano ndio huu. Mimi ni mwanachama."

"Haitoshi akidi."

"Hicho ni kitanda cha nani unachotengeneza?"

Akapuliza vumbi kwenye randa. Kilikuwa kitanda cha Filsan, na alitakiwa kukifikisha Majengo Alhamisi hiyohiyo. Nikamwambia, basi utabeba kitanda cha bibi harusi mpaka ndani, ule sambusa za mama yake, na sauti ya babu yake uiache kwenye droo yako? Alipiga randa pale ambapo hapakuhitaji kupigwa. Mwishowe akasema atakuja, ila na Wamalwa hasemezani.

Na kweli hakusema naye. Alhamisi alifika na mkokoteni wa kitanda, nyaya amezivaa shingoni, sidii ameificha kifuani kwenye bahasha. Wamalwa alikuwa ameshaketi pale na deki magotini, amevaa suti ya kanisani. Sebule ilijaa mama wakubwa na mama wadogo, wameketi kwenye mazulia, manukato na moshi wa udi, sinia za pilau na sambusa zikingoja.

"Mama Sally," Kinyanjui akaniambia, "mwambie mwenyekiti wako asogee nichomeke nyaya."

"Mwambie mweka hazina," Wamalwa akajibu, "asichomeke kama anachomeka mishikaki."

Walikuwa wamekaribiana hata magoti yanagusana. Niliona aibu, Mungu anajua.

Sidii ikaingia. Deki ikakoroma, ikanyamaza, ikakoroma tena, na picha ikatokea. Wanawake walimtambua mmoja mmoja aliyekuwa bado kijana, wakachekana. Halafu mzee akasimama. Mrefu, mwembamba, ndevu nyekundu za hina. Akainua mikono, akafungua mdomo, na kikatoka kinanda na mwanamke anaimba taarabu.

Mpiga video alikuwa ametia wimbo. Ndivyo walivyofanya enzi hizo, waliona harusi isiyo na wimbo mwanzo hadi mwisho ni kazi ya mtu mvivu. Mzee anaomba, midomo inakwenda, machozi yanamlenga, na mwanamke yule anaimba habari za mpenzi aliyemwacha. Hakusikika hata neno moja la dua. Filsan alimtazama mama yake. Mama Filsan alikuwa ametulia kabisa, mikono mapajani, anatazama midomo ya baba yake kama mtu anayejaribu kusoma bango la duka kutoka mbali.

Badala ya kunyamaza, wanaume wangu wawili wakapata mtu wa kumlaumu.

"Ni nyaya," Wamalwa akasema, kwa sauti, na mara hii hakupitia kwangu. "Nyaya zako za magendo."

"Ni deki yako. Iliharibika tangu ulipokuwa unaipiga makofi kibandani."

"Mtu wa intaneti atajua nini kuhusu deki?"

"Basi naondoka na nyaya zangu," Kinyanjui akasema, akapiga magoti nyuma ya televisheni, akang'oa waya mweupe.

Wimbo ukakatika. Na pale pale, mle ndani, ikatoka sauti ya mzee.

Baadaye walikuja kuelewa: mpiga video aliutia wimbo kwenye waya mmoja, na maikrofoni ya siku ile aliiacha kwenye waya wa pili, wimbo ukaifunika. Lakini wakati ule hakuna aliyeelewa chochote. Kinyanjui alikuwa ameshaushika waya mwekundu tayari kuung'oa nao, umetoka nusu, na sauti ikaanza kukatika.

"Usiachilie!" Mama Filsan alipaza sauti.

Kinyanjui akausukuma ndani kwa mkono mmoja, akaukunja shingo kwa mkono wa pili, sauti ikarudi. Kila alipolegeza kidole ilipotea. Kwa hivyo akabaki hivyo, magoti chini, uso ukutani, matako kwa wageni.

Mzee aliomba kwa Kiarabu na Kisomali, na kwa kuwa majirani wa Majengo walijaa pale, akageukia Kiswahili. Sauti nene, yenye mikwaruzo, ya mtu aliyezoea kuita watu kutoka upande wa pili wa barabara. "Nyumba hii isikose chai wala mgeni. Mpe Amino watoto, Mola, na watoto wake uwape wenzi wenye huruma, hata kama mimi sitakuwepo kuwaona."

"Amin," wakasema waliokuwa kwenye sidii, na waliokuwa sebuleni wakasema, na kutoka nyuma ya televisheni Kinyanjui naye akasema Amina ya kikanisa.

"Na wewe kijana wa kamera," mzee akaendelea, "ondoa hiyo taa machoni mwangu, huoni nazungumza na Mungu?"

Mama Filsan akacheka, akalia, akacheka. "Ndiye," alimwambia bintiye. "Ndiye huyo. Hasira zake hizo." Filsan alikuwa amejifunika uso kwa mtandio.

"Amefanya nini sasa?" Kinyanjui akauliza ukuta.

Nilifungua mdomo nimjibu, lakini Wamalwa akanitangulia. "Ameshusha mikono," alisema. "Anajipangusa uso. Sasa anamkumbatia bwana harusi."

"Anacheka?"

"Anacheka. Kofia imemponyoka, anaiokota."

Wakairudisha mwanzo. Mara ya pili Filsan alirekodi kwa simu, na hadi leo katika simu za ukoo ule mzima, dua ya mzee inasikika ikiwa na mtu anayeuliza, "Ameinua mikono?" na mwingine anayejibu, "Bado, bado, ndiyo sasa." Akaingia shangazi aliyechelewa, ikarudishwa tena. Kisha mama mmoja kutoka nyumba ya jirani.

Pilau ikapakuliwa watu wakala, na Kinyanjui bado yuko nyuma ya televisheni ameshika waya, maana Mama Filsan alikuwa ameomba mara moja zaidi, na moja zaidi baada ya hiyo. Niliona Wamalwa anainuka na sahani. Alikwenda akaketi sakafuni kando yake na suti yake ya kanisani, akafinyanga tonge la pilau, akalipeleka hadi mdomoni mwa Kinyanjui. Kinyanjui alilitazama tonge. Halafu akala.

Walikaa hivyo, huyu anashika, huyu analisha. Baada ya tonge kadhaa Kinyanjui akanigeuzia jicho moja.

"Mama Sally, mwambie mwenyekiti pilipili imezidi."

"Mwambie mwenyewe," nikasema.

Akatafuna kwanza, akameza. "Wamalwa," akasema, "pilipili imezidi."

Wamalwa akaitoa kwa kidole, akamfinyangia jingine.