Nani Anakaza Waya wa Ndege Yetu?

Banange, jamani, leo nimemtegea rafiki yangu mtego, kumbe na yeye kanitegea!

Mnajua mimi na Papa Elise tunajenga ndege ndogo hapa Katwe, nyuma ya karakana, juani.

Waya wa usukani wa mkia umetusumbua wiki nzima. Asubuhi nauacha sawa. Mchana naukuta umekaza kama uzi wa gitaa.

Nikasema, ni Papa Elise tu huyu.

Leo asubuhi nikapaka rangi ya kucha ya mke wangu kwenye skrubu ya kukazia. Ukiizungusha kidogo tu, rangi inapasuka.

Saa saba, waya umekaza tena! Nikainama na tochi. Rangi yangu nyekundu bado nzima, haijapasuka. Na pembeni yake alama nyingine, ya zambarau.

“Hiyo ni yangu,” Papa Elise akasema nyuma yangu. “Nilijua ni weye, ndugu.”

Nikacheka, nikaegemea ndege. Nikaruka! Bodi inachoma kama sufuria.

Kumbe ni jua. Alumini ya bodi ikipata joto inarefuka zaidi kuliko waya wa chuma, inauvuta.

Sasa niambieni: huko juu kwenye baridi, si waya utalegea?

Na nani atapanda kwanza kuhakikisha?

Papa Elise ananitazama mimi.