Makaroni ya Kiarabu

Shangazi yangu, dada yake baba, alizaliwa Ibra, hapa Omani, na hakupata kuvuka bahari. Mama alizaliwa Unguja, na kwa shangazi kosa hilo halikufutika. Kila Ijumaa alikuja kwetu, akanywa kahawa, akala tende mbili, akaondoka. Chakula cha mama hakukigusa.

"Kina nazi," alisema kwa Kiarabu. "Chakula cha Kizinjibari."

Mama alitaka jambo moja tu: wifi yake atie mkono katika sinia lake.

Siku moja, katikati ya miaka ya tisini, alirudi kutoka dukani na chupa ya rojo jekundu la tungule, la Kiitaliano, la kutilia makaroni. Kwenye karatasi ya chupa, kwa herufi za Kiarabu, paliandikwa *arabiyata*. Mama alizijua herufi hizo kwa kusoma msahafu tu. Akalisoma neno herufi kwa herufi, uso ukamng'aa.

"Ya Kiarabu hii! Sasa atasema nini?"

Ijumaa ile shangazi alionja kijiko kimoja. Akakohoa, macho yakamjaa machozi, akaomba maji.

"Hii ya Kiarabu? Labda ya Waarabu wa Zinjibar!"

Mama alicheka naye. Kisha akaenda jikoni, akafunga mlango.

Miaka ikapita. Nilipokuwa chuoni Nizwa, mwalimu mmoja alinieleza neno lile. Halihusiani na Waarabu hata kidogo. Ni la Kiitaliano, na maana yake ni mwenye hasira. Wanasema ni kwa sababu ya pilipili, inayowaka mdomoni kama mtu aliyekasirika. Ukilisoma kwa herufi za Waitaliano, lenye r mbili na b mbili, hulikosei. Ukilihamishia herufi za Kiarabu, hasira inageuka Uarabu.

Nilisita kumwambia mama. Alhamisi nilipofika nyumbani nilimkuta anachambua mchele, nikamweleza. Mikono yake ikasimama.

"Kwa hivyo nilimpikia wifi yangu hasira?"

"Ndiyo, mama."

"Basi hawakukosea walioipa jina." Akaanza tena kuchambua. "Zilikuwa zangu. Za miaka ishirini, mwanangu."

Kesho yake alikuna nazi mbili. Akapika wali na mchuzi wa samaki, akaliweka sinia mbele ya shangazi, na kwa mara ya kwanza akamwita kwa Kiswahili.

"Wifi, hiki ndicho chakula changu."

Shangazi alisogea karibu na sinia. Kisha akakunja mkono wa nguo yake, akasema bismillahi.