Ukungu wa Mashavu

Pale kwenye duka la mabango tulimwita Bi Kivuli, maana herufi zake zote lazima ziwe na kivuli nyuma. Alikuwa na ulimi huyo mama! Mteja akija na papara aliambiwa asubiri kama wenzake, au akachore mwenyewe kwa mkaa.

Sheria yake ilikuwa moja: ukifungua tu faili, panga kwanza rezolusheni ya vivuli, yaani idadi ya vidoti kwa kila inchi, iwe mia tatu. Mistari haina neno, ikuze utakavyo inabaki mikali. Lakini kivuli na ukungu kompyuta huvijenga kwa vidoti, na ukija kubadili idadi yake mwishoni, kazi yote inageuka sura. Aliyesahau alikiona cha mtema kuni.

Basi mwanawe wa pekee akafa, ajali ya pikipiki, ghafla tu. Picha aliyobaki nayo ilikuwa ya simu, ndogo, haikubali kukuzwa. Akasema atamchora mwenyewe, bango liende naye makaburini. Tulimsihi apumzike, wapi! Akachora nyusi, pua, kovu la kidevuni, mashavu akayalainisha kwa ukungu. Alipomaliza, haki ya Mungu, kijana alikuwa anatutazama.

Mimi ndiye mchapaji. Nilipofungua faili nikakuta rezolusheni ni sabini na mbili, ya kutazamia kwenye skrini tu. Majonzi yalikuwa yamemsahaulisha. Iliniuma hata kumwambia. Akapandisha mwenyewe hadi mia tatu, na papo hapo ukungu ukanywea, mashavu yakakauka. Mtu mwingine kabisa. Akaongeza huku, akapunguza kule, na uso ule haukurudi. Bosi wa duka akasema tuchape hivyo hivyo, watu hawataona tofauti.

"Mimi ndiye niliyemzaa," akamjibu. "Chapeni kwa sabini na mbili."

Nikachapa, moyo mzito. Kwa mbali alikuwa yeye. Ukikaribia, mashavu yote ni vidoti vikubwa kama punje za mahindi.

Siku ya mazishi shangazi za marehemu walilizunguka bango, wanalipapasa huku wakilia. Mama mtu alisimama kule nyuma peke yake, karibu na lango. Nilimfuata, nikamshika mkono nimsogeze kwa mwanawe. Hakukubali kunyanyua mguu.

"Niache hapa hapa, mdogo wangu," akasema. "Nikisogea, anapotea."