Kidole cha Akech

Mtu akiteguka mkono Kaloleni haambiwi aende hospitali. Anaambiwa aende kwa Adhiambo. Wachinjaji wa soko la Burma, wasichana wa netiboli, hata pasta aliyeteleza bafuni, wote amewakanda kwa maji moto ya chumvi wakapona. Sasa binti yake Akech, wa darasa la tatu, alipovimba kidole cha pete, nani angejisumbua kupanga foleni?

"Umeteguka tu. Ulidaka mpira vibaya."

"Lakini mama, sikugongwa na mpira."

"Nyamaza, lete mkono."

Akamkanda kila jioni. Mtoto akilia, yeye anazidi kubana, maana wote hulia kabla ya kupona. Uvimbe ukabaki palepale, mgumu kama kokwa. Jirani yao Triza akamwambia, "Mama Akech, huyo mtoto apigwe picha ya mfupa." Adhiambo akamcheka: kwani fundi hapa ni nani? Lo, kiburi! Jioni moja akakivuta kile kidole akinyooshe, kikalia ko! Akech akapiga yowe, majirani wakatoka nje.

Hospitalini daktari akawaonyesha picha. Uvimbe wa gegedu, kama lile la sikioni, ulikuwa umeota ndani ya mfupa, ukaula hadi likabaki ganda.

"Si saratani," akasema, "na kidole hakikatwi. Mfupa ukishaungana tutaukwangua huo uvimbe. Ulivunjikaje?"

"Nilianguka," Akech akajibu upesi.

Adhiambo akatamani ardhi ipasuke immeze. Mtoto anamfichia! "Daktari, ni mimi. Nilikuwa namkanda."

"Mama, mfupa huo ungevunjika hata akifungua soda."

Maneno hayo yangemtuliza mwingine. Yeye hayakumwingia. Haya, mfupa ungevunjika tu. Lakini zile jioni za kumbana mtoto huku analia, je? Hizo zilikuwa zake peke yake, na aliona aibu hata kumtazama Akech usoni. Alichotaka ni kimoja: mwanawe amwamini tena.

Upasuaji ukaenda vizuri. Bandeji ilipotolewa, nesi akaagiza kidole kikunjwe na kunyooshwa nyumbani kila siku, polepole. Adhiambo akafurahi kupita kiasi. Angalau kuna jambo ambalo angelitengeneza kwa mikono yake. Wakafika nyumbani, akaketi kitandani, akamwita kwa sauti ya upole ambayo hata yeye hakuizoea.

"Njoo, mwanangu. Sitakuumiza."

Akech akasimama mlangoni, mkono ameuficha nyuma.

"Mama, usikasirike," akasema kwa adabu. "Nimeshamwomba anti Triza."