Mafiga Yasiyo na Jivu

"Huyu mwanamke anayemkanyaga mwanangu ni nani?"

Mama wa mteja wetu aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeulizia mgeni aliyeingia bila hodi. Kidole chake kilikuwa juu ya picha ya nyumba yake mpya. Tulikuwa tumeichapisha, tukaitia fremu, tukampelekea Kibuta kwa binti yake, alikohamia wakati nyumba inajengwa. Chini ya kidole palikuwa na nyasi za kijani, na juu ya nyasi alisimama mwanamke wa kizungu mwenye gauni jekundu na mkoba begani. Hakuwa mtu wa kweli, alitoka kwenye programu yetu ya kompyuta. Na huyo mwana aliyetajwa, hakuna aliyekuwa sebuleni aliyewahi kumsikia. Hata mwanawe mkubwa, huyo mteja, aliyekaa karibu nami, mpaka saa ile alijua kwamba yeye ndiye kifungua mimba.

Ofisi yetu iko Kibaha, vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Tunachora ramani za nyumba. Kwa miaka mingi mteja alipewa karatasi zenye mistari na vipimo, akaitikia kwa kichwa bila kuelewa, akaenda kujenga. Kisha wakaanza kuja na simu mkononi. "Dada, mimi nataka ile ramani ambayo nyumba unaiona kabisa, na gari limepaki." Tukaamua kutafuta programu ya kurenda, ile inayogeuza mistari kuwa picha ya nyumba kama vile imekwisha jengwa, na kuwafundisha watu wawili kuitumia.

Kazi ya kuchagua nilipewa mimi, kwa sababu ndimi ninayeandika kila kitu kwenye daftari. Nilichukua nyumba moja nikaijaribu kwenye programu mbili. Ya kwanza ilikuwa nzito. Ulipiga picha ya kiwanja kwa simu, ukaiingiza, na yenyewe ikaipandisha nyumba juu ya kiwanja hicho kama kilivyo, pamoja na visiki, kamba ya nguo na rundo la tofali. Picha moja ilianza asubuhi ikaisha adhuhuri, kama umeme haukukatika. Ya pili ilikuwa na ulimwengu wake: mbingu yake, miti yake, watu wake. Tena ilikuwa na brashi ya nyasi. Nilivuta kipanya mara moja tu, uwanja mzima ukaota.

Mchoraji wetu mkongwe, mzee aliyejifunza kazi hii kwa rula na wino, alisimama nyuma ya kiti changu.

"Hii ya kwanza inachemsha maharage," alisema.

"Na ya pili, mzee?"

"Ya pili inatuma mtu chapati gengeni. Utakula, lakini usiulize zimepikiwa wapi."

Tukacheka. Nikachagua ya pili. Sababu nilizoandika zipo mpaka leo: haraka, inapendeza, inasafisha.

Mafunzo yalichukua wiki tatu, kila asubuhi kabla wateja hawajaanza kupanda ngazi. Wanafunzi walikuwa yule mzee, aliyekuja kwa heshima tu, na mwanamke wa Mlandizi, mama wa watoto wawili aliyewahi kuendesha steshenari na mwenye mkono mwepesi kuliko sisi sote. Nilibandika ukutani karatasi ya hatua za kazi. Mstari wa kwanza ulisema: Safisha kiwanja. "Mteja hakuja kuangalia kisiki," niliwaambia. "Kisicho nyumba, gari wala mti mzuri, futa."

Watu wa programu walikuwa wachache, kwa hiyo yule wa gauni jekundu alitokea karibu kila uwanja tuliouchora. Mzee alimpa jina la Mpangaji. "Jana alikuwa Mlandizi, leo yuko Kisarawe," alisema. "Huyu mama kodi analipa wapi?" Mwanamke wa Mlandizi alijifunza kumgeuza ili asionekane yule yule. Kuna picha alionekana mgongo tu. Wakati mwingine nilipozima kompyuta niliona kioo kinazimika kila mahali, na wekundu wa gauni unachelewa kidogo. Niliamini ni macho yangu.

Mteja wa picha ile anafanya kazi ofisini Dar. Alitaka kumjengea mama yake mzazi nyumba ya kisasa palepale ilipokuwa ya zamani, Masaki ya Kisarawe, katikati ya mikorosho na mihogo. Nilikwenda kupima. Mama alinipokea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Hicho kidude chako kinaruka?"

"Hakiruki mama, ni tepu ya kupimia."

"Basi pima. Mimi nafagia."

Akafagia mbele, akazunguka nyuma ya jiko, akafagia na huko. Nilipima ukuta wa nyumba ya zamani, kisima, mpaka, mkorosho mkubwa. Nilipiga picha za kutosha. Nyuma ya jiko niliona kitu, nikakiandika: mafiga matatu, mrehani umepandwa kando, mafiga masafi, hayana jivu. Niliyaandika yote hayo. Nilikuwa na mama hatua tano kutoka kwangu, ana fagio mkononi, na sikumwuliza mafiga gani hayo yasiyopikiwa. Wala sikuyapima. Nilipima kila kitu isipokuwa hayo.

Ofisini, mwanamke wa Mlandizi alifanya kazi kama nilivyomfundisha. Alifuta jiko, akafuta mafiga. Mkorosho ulikuwa unaziba dirisha, akausogeza. Akavuta brashi. Akamweka Mpangaji upande wa nyuma, karibu na baraza jipya, kwa kuwa palikuwa patupu. Nilikagua picha nikaisifu. Mteja aliituma kwa ndugu zake wote, na kwa fundi.

Huku kwetu mafundi wana msemo wao: ramani ni ya kupatia kibali, picha ndiyo ya kujengea. Fundi yule alibomoa nyumba ya zamani na jiko, akasawazisha kiwanja kama alivyokiona kwenye simu. Mkorosho haukuwa mahali picha ilipouonyesha, akaukata, akaahidi kupanda mwingine mahali sahihi. Akaleta kifusi, akashindilia, akachimba msingi.

Ndivyo tulivyofika Kibuta na fremu.

Mama alipouliza swali lake, mteja aliisogelea fremu. Akasema, "Mama, mwana gani?"

"Wa kwanza. Kabla yako."

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Ungemfanyia nini? Hakufikisha siku saba, hata jina hakupata. Babu yako alimzika nyuma ya jiko, akaniambia nisilie kwa sauti, nitapata mwingine. Nikakupata wewe." Aliondoa kidole kwenye picha, akakiangalia kama kimeshika rangi. "Nikamwekea mafiga, mtu akipita asiulize. Nani anauliza mafiga nyuma ya jiko?"

Mtoto wake alitoka nje kumpigia fundi. Tulisikia upande wake tu wa mazungumzo. "Mawe matatu ... Ndiyo, nyuma ... Yote?" Aliporudi hakukaa. Fundi alikuwa amesema mawe yote yaliyokuwepo uwanjani ameyaingiza kwenye msingi, ni mawe mazuri, ya kizamani.

Nilipowaeleza ofisini, mwanamke wa Mlandizi aliweka mikono mapajani. "Dada, ni mimi niliyeyafuta. Niliona mafiga. Mimi kwetu tuna mafiga kama hayo." Nilimwonyesha daftari langu, nilivyoandika kwa mkono wangu. Alisoma mpaka kwenye neno jivu, akanirudishia. Siku hiyo aliibandua karatasi ya ukutani. Sikumzuia.

Mama alitaka jambo moja: baraza lisikae juu ya mtoto. Mwalimu wa msikiti wa pale alisema hivyohivyo, kwamba kaburi halijengewi juu. Mkijua lilipo, sogezeni baraza. Kwa hiyo ikawa juu yetu kujua lilipo.

Tulikuwa na ushahidi wa aina mbili. Wa kwanza ni kidole cha mama. Nilirudisha alama yake kwenye kompyuta, na programu ikanipa mahali: ndani ya baraza, karibu na ngazi. Lakini mama alikuwa amekadiria kutoka kwenye mkorosho, na mkorosho wa picha si mahali ulipokuwa mkorosho wake.

Wa pili ni picha niliyopiga kwa simu. Mzee aliikataa kompyuta. Aliichapisha ile picha, akachukua rula na penseli, akaanza na ukuta wa zamani ambao urefu wake niliupima, akavuta mistari siku nzima kama alivyofundishwa ujana wake. Akapata mahali pengine, nje ya baraza, hatua tatu kutoka pale pa kwanza. "Usiniamini sana," alisema. "Mafiga yako pembeni kabisa ya picha. Simu hizi pembeni zinavuta vitu." Figa moja lilikuwa limekatwa nusu na ukingo wa picha. Ningesogea kidogo tu kushoto siku ile.

Tulimpeleka mama Masaki achague mwenyewe. Tulikuwa tumechomeka vijiti viwili kwenye kifusi chekundu. Alisimama kwenye kimoja, akasimama kwenye kingine, akatafuta mlango wa jiko kwa macho pale ambapo hapakuwa na jiko.

"Nilikuwa nahesabu kutoka mlangoni," alisema. "Hatua tisa, na ndoo mkononi."

"Jaribu mama," mtoto wake alisema. "Anzia pale."

"Pale wapi?"

Hakuweza kumwonyesha.

Fundi, aliyekuwa amesimama kando na kofia mkononi, alisema anaweza kuuvunja msingi upande ule ayatoe mawe, akiyaona atayajua. Mama akamwuliza, "Ukiyatoa, utayaweka wapi?" Fundi akavaa kofia.

Kuta za nyumba sasa zimefika kwenye linta, juu ya milango na madirisha. Baraza halijajengwa. Kila mvua inaponyesha fundi anavichomeka vijiti upya, na amekiri kwamba mara ya mwisho alivirudisha kwa kukisia. Mama bado yuko Kibuta. Fremu tuliyompelekea ameigeuza, picha inatazama ukuta.

Faili la nyumba ile ninalo. Nimemwondoa Mpangaji, nimezifuta nyasi, nimebakiza udongo mtupu na alama mbili, hatua tatu kutoka moja mpaka nyingine.