Code yangu ilimnyima baba mkwe shikamoo, nusura nikose mke

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi, na nyumbani hamjambo?

Leo nimeanza na salamu kwa makusudi, mtaelewa mbele. Haya yamenikuta mimi mwenyewe hapa Kigoma, na sijaongeza chumvi.

Mama yangu anauza samaki Katonga. Asubuhi nzima simu haipoi, migebuka wapo? Dagaa wapo? Mimi mwanawe, mwenye Python yangu ya kujifunza mtandaoni, lugha ya kuandikia programu, nikamwambia mama tulia, mashine itawajibu hata kabla hawajapiga.

Nikaandika class mzazi, yaani kiolezo cha meseji, nikaiita Ujumbe. Ndani ina method, yaani amri ya kufanya kazi fulani, inaitwa andaa(), na kazi yake ni adabu tu: inatoa shikamoo, inataja jina la mteja, inauliza habari za nyumbani, inajitambulisha. Huku kwetu ukimvamia mtu na shida yako kabla ya salamu, umemtukana.

Halafu nikaandika class mtoto, UjumbeWaSamaki, irithi ya mzazi na iongeze habari za mzigo. Nayo nikaipa andaa() yake.

Wanaojua code washaanza kucheka hapo.

Kwa wasiojua: mtoto akiwa na method yenye jina lile lile la mzazi, inayofanya kazi ni ya mtoto, ya mzazi inanyamaza. Ukizitaka zote mbili, ndani ya mtoto unamwita mzazi kwa mstari mmoja tu:

super().andaa()

Huo mstari sikuuweka.

Asubuhi meseji ikaenda kwa wateja wote, kwa namba yangu:

"Migebuka wameisha. Usije."

Kavu kavu hivyo hivyo.

Sasa mmoja wa wateja ni Mzee Rama, mwenye hoteli ya chakula kule Kasingirima. Na Mzee Rama ndiye baba yake Zaituni. Na wazee wangu walikuwa wapeleke posa ya Zaituni Jumamosi ile ile!

Zaituni akanipigia, sijui analia sijui anacheka.

"Umemwandikia nini baba? Anasema hana binti wa kumpa mtu asiyejua shikamoo. Halafu anauliza, yeye asije wapi? Kwani yeye ndiye anayeposa?"

Wakuu, Zaituni nampenda jamani, sioni haya kusema. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu wenyewe siku hiyo ulikuwa Mzee Rama.

Nikaweka ule mstari, nikadandia bodaboda hadi hotelini. Nikamkuta jikoni anasonga ugali.

"Shikamoo baba. Ile meseji sikuiandika mimi, ni programu. Mtoto alipewa kazi akaanza kusema bila kupita kwa mzazi wake."

Akaacha mwiko.

"Kwa hiyo angepita kwa mzazi wake kwanza, salamu yangu ningeipata?"

"Ndiyo baba."

"Na wewe umekuja kunisemesha habari za binti yangu. Umepita kwa nani?"

Kumbe! Baba yangu yuko nyumbani anashona nyavu, hajui hata kama nimetoka. Mshenga naye hana habari. Nimeoverride wazee wote, nimewanyamazisha kama ile method ya mzazi!

"Rudi kamwite baba yako," akasema, akageukia sufuria. Ila mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko, niliyaona.

Baba yangu akaja. Salamu zake sasa! Akaulizia watoto, wagonjwa, ziwa, majirani, mpaka mbuzi. Chai ikapoa mezani. Meseji hakuigusa kabisa. Mwishowe Mzee Rama akasema mwenyewe, "Basi Jumamosi njooni."

Wakaenda, posa ikapokelewa! Toka siku hiyo natembea mjini nacheka peke yangu kama zuzu.

Funzo: kabla hujaandika upya method ya mzazi, angalia alikuwa anafanya nini. Kama bado unaihitaji kazi yake, mwite kwanza, halafu ongeza ya kwako. Kwenye code na kwenye posa pia.

Na wewe uliyewahi kuumbuliwa na mstari mmoja, shusha kisa chako hapa chini. Ila uanze na salamu.

Mzee Rama bado mteja wetu. Kila asubuhi mashine ikimwamkia, anaijibu, "Marahaba mwanangu."

Mimi mwenyewe bado hajaniita hivyo.