Rekodi ya Mteremko wa Masingini

Mpaka leo nikipita barazani kwetu Ng'ambo huambiwa kuwa rekodi ya baskeli ya mteremko wa Masingini ni ya rafiki yangu wa Mpendae. Rekodi gani! Miaka ile ya themanini hatukuwa na saa. Tulijipima kwa adhana ya Alasiri: muadhini wa msikiti wa chini akianza tu, unauachia mteremko, na neno utakalomkuta nalo ukifika mlangoni ndiyo rekodi yako. Yeye alifika kwenye "Hayya alas-swala". Mie nilifika kwenye "Hayya alal-falah", linalofuata, basi wakasema nimeshindwa.

Lakini siku yangu aliadhini kijana mwenye haraka kama mtu anayeachwa na gari! Siku yake aliadhini mzee wa pumzi ndefu, kila neno analivuta mpaka basi. Nshawaeleza mara ngapi? Wanacheka tu, wananambia, "Kubali yaishe, bwana."

Sikubali. Na huyo bingwa wao, wamuulize yule mzee wa pumzi ndefu alikuwa nani wake. Babu yake, mzaa mama.